Maji Moto na Chungu wa Kichwa Kikubwa

Mkwezi ashukaye mnazini huku akijipangusa maji moto shingoni haoni sababu ya kuwahurumia wadudu hao. Ndiyo maana viota vyao huchomwa moto, na chungu wadogo wa kahawia wapitao chini ya mti, wasiomsumbua mtu, huachwa na shughuli zao. Hukumu hiyo yapasa kupinduliwa.

Maji moto, ambao kitaalamu huitwa Oecophylla longinoda, hujenga juu ya mti. Huyavuta majani wakayakutanisha, kisha huyashona kwa hariri ya mabuu wao. Chungu mzima hana hariri, hivyo humshika buu mdomoni na kumpitisha huku na huku kama fundi na sindano yake. Kundi moja huweza kumiliki miti kadhaa, na mdudu atuaye humo hukamatwa au kufukuzwa. Mmoja wa wadudu hao ni kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, ambaye pia hushambulia mikorosho. Hufyonza maua na vidaka, navyo vidaka hupukutika kabla ya kuwa vitale, sembuse madafu. Jina la kunguni huyo lilitolewa mwaka 1955 kwa heshima ya M. J. Way, mtaalamu aliyechunguza huko Unguja jinsi maji moto wanavyoikinga minazi na hasara hiyo.

Chungu wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, hukaa ardhini penye shina. Ni mdogo, lakini huja kwa wingi pamoja na askari wake wenye vichwa vipana, akawatoa maji moto mtini. Kunguni naye hubaki akila kwa raha. Basi mkulima achomaye viota humsaidia mshindi asiyemlipa kitu.

Ni kweli kwamba maji moto hufuga vidugamba wafyonzao utomvu, na siku ya kuangua nazi ni adha. Lakini adha ya siku moja si sawa na vidaka vya mwaka mzima.

Shamba lililopaliliwa likabaki jeupe humfaa chungu wa kichwa kikubwa. Majani mafupi yakiachwa chini ya minazi, maji moto hustawi zaidi. Na kamba ifungwayo kati ya mti na mti huwa daraja lao. Shule yenye minazi yaweza kulipima jambo hili bila gharama: wanafunzi wahesabu kila juma vidaka vilivyoanguka chini ya mti wenye maji moto, na chini ya mti usio nao.