Kampasi ya udaktari yaja Kigoma, alama za kuingia ni zile zile

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kinajenga kampasi mkoani Kigoma kupitia mradi wa HEET. Kwa mzazi wa Ujiji anayewaza nauli ya treni mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, hii ni habari njema.

Ila kampasi ikiwa jirani inapunguza nauli, haipunguzi alama. Na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) imeweka kiwango cha chini cha kuomba shahada kwa aliyemaliza kidato cha sita: masomo mawili yenye alama kati ya A na E, jumla pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Ukipata S, somo hilo haliingii kwenye hesabu hiyo.

Chukua kijana wa kombi ya PCB mwenye D ya Kemia, D ya Bailojia na S ya Fizikia. Pointi 4 anazo. Mtaani ataambiwa, "Umefaulu, nenda chuo." Ni kweli, shahada anaweza kuomba. Udaktari hapana, maana unataka masomo yote matatu yawe yamefaulu kwa kiwango hicho. Akijaza udaktari kila chaguo, dirisha la udahili litafungwa yeye yuko nje, wakati huenda ualimu wa sayansi ungempokea.

Hata mwenye sifa zote hana uhakika. Kiwango cha chini kinakuruhusu kupanga foleni tu. Nafasi za udaktari ni chache, waombaji ni wengi, na wenye alama za juu ndio wanaotangulia.

Je, mwenye alama ndogo ndiyo basi? Hapana. Anaweza kusoma stashahada ya utabibu, miaka 3, kwa ufaulu wa kidato cha nne, yakiwemo masomo ya Fizikia, Kemia na Bailojia. Akimaliza na GPA isiyopungua 3.0, anaweza kuomba udaktari.

Lakini hapo cheti cha kidato cha nne kinafunguliwa upya: Hisabati na Kiingereza navyo vinaangaliwa. F ya Hisabati iliyochukuliwa poa enzi za sekondari inaweza kumzuia mtu ambaye tayari anatibu wagonjwa. Dawa yake ni kurudia somo hilo mapema, NECTA, kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kukosea chaguo kuna gharama. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Julai, katikati ya kipindi hicho. Kwa familia ya Kibirizi inayoishi kwa dagaa, ada ya maombi iliyopelekwa kwenye kozi isiyowezekana ni hela iliyozama.

Mwongozo wa udahili uko bure kwenye tovuti ya TCU, kozi kwa kozi, chuo kwa chuo. Usomwe kwanza, ndipo ada ilipwe. Na kwa aliye kidato cha pili leo, kampasi hiyo anaijengea njia kuanzia sasa, Hisabati ikiwemo.