Klachi ya Gari Lenye Kazi Mbili

Ndugu askari mmoja auliza: gari lake limeongezewa nguvu, naye huliendesha kazini na mashindanoni, anunue klachi gani?

Kwanza atazame nguvu ya injini ya kuzungusha, si hesabu ya farasi peke yake. Sahani ya seramiki hushika ghafula. Katika msongamano wa mjini gari litarukaruka kama mbuzi, na mama aliyempakata mtoto hatamshukuru dereva. Sahani ya kawaida hushika taratibu, lakini ikipata moto mwingi huteleza. Mimi ningechagua sahani pacha: nyuso za kusuguana ni nne badala ya mbili, hivyo hubeba nguvu nyingi pasipo springi ngumu ya kuuchosha mguu. Bei yake, naam, yauma.

Lakini asibane fedha kwenye flaiwili. Ile ya chuma cha kalibu yaweza kupasuka ikizunguka kasi mno, vipande vikatoboa sakafu na kukata miguu. Anunue ya feleji, iliyothibitishwa. Katika mashindano makubwa ya Marekani, gari limalizalo robo maili kwa sekunde 11.49 au pungufu haliruhusiwi bila hiyo.

Akishafunga, aendeshe mjini polepole kilomita 800 hivi kabla ya kushindana.