Makhan Singh na Tarehe 15 Mei



Juma hili twapenda kumkumbuka mtu ambaye hakuwa Mkristo. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913 katika familia ya Kisikh, akaja Kenya mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake mjini Nairobi. Wanaomkumbuka, nao si wengi, humtaja kuwa mkomunisti. Ni kweli, wala yeye mwenyewe hakulificha.

Mwaka 1935 alifanywa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na mwaka huohuo chama kikawafungulia mlango watu wa rangi zote. Jambo hili tusilipite upesi. Katika koloni ambamo kila rangi ilikuwa na mtaa wake, shule yake na mshahara wake, fundi wa Kihindi alimzidi Mwafrika kwa kipato, na chama cha Wahindi peke yao kingeweza kutosheka kuilinda nafuu hiyo. Makhan Singh hakutosheka.

Mwaka 1949, pamoja na Fred Kubai, aliunda East African Trade Union Congress, shirikisho ambalo serikali ilikataa kulisajili. Tarehe 23 Aprili 1950, huko Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Baadaye amri ya serikali ilimpeleka kizuizini: Lokitaung, Maralal, Dol Dol. Aliachiliwa Oktoba 1961.

Tarehe ile yatuchoma. Ilikuwa 15 Mei 1891 Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum, akifundisha kwamba wafanyakazi wana haki ya asili ya kuungana, na kwamba dola haina mamlaka ya kuifuta haki hiyo. Waraka huohuo waukataa ujamaa. Nasi twaupokea wote, hatuchagui kipande. Hata hivyo, seminarini tuliusoma kwa ajili ya mtihani, na jina la Makhan Singh hatukulisikia hata mara moja. Tulijifunza vema kumwogopa mkomunisti. Hatukujifunza kuuliza alifungwa kwa kosa gani, na kama kosa hilo lilikuwa ni lile Papa aliloliita haki.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, wale aliowatangulia kuudai hawakumpa wadhifa. Aliketi akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Alifariki tarehe 18 Mei 1973.

Tarehe 15 Mei nia ya Misa ya asubuhi itakuwa kwa ajili ya vibarua wa mashambani na wasichana wa kazi za nyumbani wa parokia yetu, na jina lake tutalitaja. Atakayetaka kujua kwa nini tumemtaja Kalasinga altareni, mlango wa ofisi u wazi baada ya Misa.