Kumhakiki Mpigaji Simu Si Dhana Mbaya

Ndugu Waislamu, wako wazee wetu hapa Dodoma waonao haya kumkatia simu mtu aliyeanza kwa salamu. Tapeli analijua hilo. Hujitambulisha kuwa mtumishi wa benki au wa kampuni ya simu, akadai anahakiki muamala wenye shaka, kisha akaomba namba ya siri.

Tupambanue. Ni kweli benki huweza kumpigia mteja baada ya manunuzi ya kadi katika intaneti, kumuuliza kama ndiye aliyenunua. Swali hilo hujibiwa kwa ndiyo au siyo. Namba ya siri haihusiki.

Sura ya Al-Hujuraat, katika aya ya 12, inatukanya dhana mbaya. Na aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha kuihakiki habari ya fasiki, tusije tukajuta. Hayapingani. Basi kata simu kwa adabu, kisha ipigie mwenyewe benki kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi yako. Namba ya tapeli ipelekwe TCRA kupitia 15040.

Mali ni amana. Tuwaeleze wazazi wetu leo, kabla mpigaji hajatutangulia.