MGONJWA WA SARATANI ASIMFICHE DAKTARI ALIYOYASOMA



Amepokea Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali kwa kujibu wasilolijua, akafundisha kuwa dawa ya ujinga ni kuuliza (Abu Daud).

Majibu ya namna hiyo yangalipo. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wako walioacha dawa za hospitali, na wako waliofia foleni. Leo uvumi hausubiri safari. Hapa Tukuyu unaingia katika simu ya kila nyumba: kwamba majani ya mstafeli yanaponya saratani, kwamba kukata kinyama cha uvimbe kwa uchunguzi kunautawanya ugonjwa. Mama mwenye uvimbe wa titi akiyasoma haya hukataa kipimo, hunywa majani, na hunyamaza. Anapofika Mbeya, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu, ugonjwa umekwishaenea. Na ukweli ni kwamba bila ya kipimo kile daktari hajui ni saratani ya aina gani, wala dawa ipi itaifaa.

Hatusemi kuwa kusoma katika intaneti ni haramu. Kosa ni kuyaficha tuliyoyasoma na tuliyoyanywa, ilhali baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za saratani. Allah (s.w.) ametuamrisha kuichunguza habari (49:6) na kuwauliza wajuzi (16:43).

Nao madaktari tunawanasihi: mgonjwa anayeuliza si mkaidi. Bibi anayekijua Kinyakyusa kuliko Kiswahili, akielezwa kwa haraka na kwa maneno ya kitaalamu, atarudi kwa yule anayemweleza taratibu, hata kama anamdanganya.

Basi kila jamaa ya msikiti imsindikize mgonjwa wake. Maswali yaandikwe kabla ya safari, ujumbe wa simu aonyeshwe daktari, na majibu yarudiwe nyumbani kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu. Kumsaidia kuuliza ni sehemu ya haki hiyo.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.