Aliyelala Kizingitini



Juma lililopita tulipanda treni ya asubuhi kutoka Mombasa, tukapokewa Syokimau na kupelekwa Donholm, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi ambako baadhi ya jamaa zetu wa Pwani wamefuata riziki. Wazee wa pande mbili walikuwa wametuita tusuluhishe kabla shauri halijafika mahakamani.

Nyumba hiyo ina mayatima wawili, binti wa miaka minane na nduguye wa miaka minne. Baba yao alifariki mwaka juzi, na mama yao akamfuata mwaka huu, Allah awarehemu. Wanalelewa na khalati yao. Ami yao wa Mombasa anataka wahamie kwake. Hoja zake zilikuwa kadhaa, lakini aliyoishikilia kuliko zote ilikuwa mbwa.

Mbwa huyo aliletwa na marehemu baba baada ya wezi kuruka ukuta. Hufungwa karibu na lango wala haingii ndani. “Malaika hawaingii hapa,” alisema ami, “na watoto wa ndugu yangu wakulie katika najisi?” Tulimjibu kwa yale tuliyosomeshwa chuoni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi najisi ya mbwa ni nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na hilo hatulilegezi. Ila mbwa wa mawindo na wa mifugo wametolewa katika katazo la kufuga, na wanazuoni wetu wamemlinganisha nao mbwa wa kulinda nyumba. (Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alitunga kitabu kizima cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Hilo hatukulitaja, ami alikuwa na hasira ya kutosha.)

Mlango ulikuwa wazi, nasi tulipokaa tulimwona mnyama huyo kitambo kirefu. Tukawaza: yeye ameona nini? Ameona jeneza likitoka langoni juu ya mabega ya wanaume, na bwana wake asirudi. Ameona gari la wagonjwa likija usiku kumchukua mama, na mama asirudi. Ameona viatu vingi mlangoni siku za matanga, kisha vikapungua. Akaona magari ya wageni, akasikia sauti zikipanda nyuma ya pazia. Na kila zipandapo sauti, binti hutoka na sahani ya makombo, akaketi kwenye ngazi mbali kidogo na mnyororo, asiingie mpaka kunyamaze. Hayo khalati alituthibitishia baadaye, naye mwenyewe alidhani mtoto hutoka kucheza.

Mwenyezi Mungu katika Suratul-Kahf hakumwacha mbwa nje ya kisa cha wale vijana wa pangoni; ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini.

Tuliwakumbusha wazee kisa cha binti wa Hamza. Hamza aliuawa Uhud. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akiondoka Makka baada ya umra ya mwaka wa 7 wa Hijria, binti huyo aliwafuata akiita ami yake. Wakamgombania watu watatu, nao ni wema wa umma huu: Ali, Jaafar na Zayd. Akahukumiwa Jaafar, kwa kuwa mkewe ni khalati wa mtoto, na khalati yuko mahali pa mama. Kisha Mtume hakumwacha yeyote kati ya watatu bila neno jema la kumfariji. Sehemu hii ya mwisho tuliirudia mara mbili, huku tukimtazama ami.

Katika fiqhi yetu mtoto aliyefika umri wa kupambanua, yapata miaka saba, huulizwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, imeweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na Sheria ya Watoto ya 2022 yataka asikilizwe kwa kadiri ya umri wake. Haya tuliyajua. Hata hivyo tulikuwa tumekaa saa mbili na chai imepoa mara mbili, na hakuna kati yetu, hata sisi tuliovaa kanzu na kushika vitabu, aliyekuwa amemwita binti.

Aliitwa. Tukamwuliza angependa kukaa wapi. Alinyamaza, kisha akatuuliza yeye: akienda Mombasa, nani atamwambia Simba kwamba mama harudi? Maana bado hulala akilitazama lango.

Khalati alifunika uso kwa mtandio. Ami alitoka nje, akasimama uani kwa muda. Aliporudi alisema watoto wabaki, naye atakuja kila mwezi, na likizo ya Desemba waende kwake. Khalati akakubali, akaongeza kwamba chombo cha mbwa kitatengwa na binti afundishwe kujitwahirisha. Tuliyaandika, wazee wakatia sahihi, na karatasi hiyo itapelekwa mahakamani ithibitishwe.

Tulipotoka ilikuwa karibu na Magharibi. Mbwa aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja hadi wa mwisho, kisha akakilaza tena juu ya miguu yake, uso ukielekea langoni.