RAM Imekuwa Dhahabu: Bado Unaeza Jijengea Seva ya Ngoma kwa Keja?

Kama umeuliza bei ya RAM pale Luthuli hivi majuzi, pengine ulidhani muuzaji anakubeba ufala. Mwache tu, si yeye. Hii noma haikuanzia Nairobi.

Makampuni ya AI yanajenga vituo vya data kama hakuna kesho, na vituo hivyo vinakula memori balaa. Duniani soko la RAM liko kwa mikono ya makampuni matatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Wote wamegeuza viwanda kuelekea kwa yule mteja mwenye doh ndefu, na huyo si wewe. Tarehe 3 Desemba 2025, Micron walitangaza wanafunga Crucial, jina lao la RAM na SSD za raia wa kawaida lililokuwa sokoni karibu miaka 30. Siku mbili kabla ya hapo, Raspberry Pi walikuwa washapandisha bei ya vikompyuta vyao. Pi 5 ya 8GB ikatoka dola 80 ikafika 95.

Sasa kuna msee alikuwa amepanga kujijengea kompyuta ya kazi moja tu: kuweka ngoma zake zote na kuzicheza keja nzima. Anajiuliza kama hiyo form imekufa.

Haijakufa. Ila lazima ubadilishe mahali doh inaenda.

Kwani Spotify imefanya nini?

Haijafanya kitu. Shida ni kwamba ngoma ulizo-save huko si zako, umekodisha tu. Google Play Music ilifungwa mwisho wa 2020, na mwanzo wa 2021 chochote watu hawakuwa wamehamisha kikafutwa. MySpace walikiri 2019 kwamba walipoteza ngoma zaidi ya milioni 50 wakihamisha seva. Hiyo ni kazi ya wasanii wa miaka 12, imeenda hivyo.

Halafu kuna intaneti yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, nchi nzima ikaanza kutambaa. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Finance Bill, mtandao ukazimika-zimika tena. Siku kama hizo app yako ni picha tu kwa simu. Lakini seva ikiwa kwa keja, simu inaivuta kupitia WiFi ya ndani. Haihitaji Safaricom, haihitaji bundles, haihitaji mtu.

Na kuna ile stori inauma zaidi. Zile CD za kuchoma ziko kwa kabati ya mathe, za enzi za Ogopa na Calif. Kuna ngoma humo ukizitafta online unapata tu kopi mtu alirekodi redioni, DJ akipiga kelele juu yake. CD ya kuchoma inaoza polepole, hata kama hujaiguza. Ukingoja miaka mingine mitano, huenda usipate hata mashine ya kuisoma.

Prosesa: usinunue nguvu hutatumia

Hapa ndio wasee wengi hupotea. Mtu anasikia "seva" anawaza mashine ya kugema. Sauti ya CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na ukiikunja kwa FLAC inashuka zaidi bila kupoteza kitu. Kompyuta ya ofisi ya miaka kumi iliyopita inabeba hiyo mzigo ikiwa imelala.

Na hapa ndio bahati iko. Microsoft waliacha kushughulikia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za ofisi zenye prosesa za Intel kabla ya kizazi cha nane haziruhusiwi Windows 11, so ofisi za majuu zinaziondoa. Hizo ndizo tunaziita ex-UK. Tafta zile ndogo saizi ya kitabu: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Wewe hutaki Windows, unaweka Linux, kisha programu ya bure kama Navidrome.

Cheki vile hesabu inageuka: RAM mpya imekuwa dhahabu, lakini hizi mashine zinakuja na RAM yao ndani. 4GB inatosha kabisa. Ukiona msee anakushawishi 32GB ya kucheza ngoma, huyo anatafuta rent.

Unataka kujenga kabisa kutoka zero? Chukua mazabodi ndogo yenye prosesa ya Intel N100 imeshachomelewa juu. Ziko zile hazina feni na zinatumia chaja ya laptop. Weka kijiti kimoja cha RAM, hata cha mtumba, na uishie hapo.

Token nazo?

Seva inawaka usiku na mchana, so piga hesabu kabla ununue. Mashine ndogo inavuta kama wati 10 ikitulia, ambayo ni uniti 7.2 kwa mwezi. Ile tower kubwa ya gaming ya beshte yako inaeza vuta wati 60 ikifanya kazi hiyo hiyo, na hiyo ni uniti 43.2. Tukichukua bob 30 kwa uniti, moja inakula bob 216 na nyingine bob 1,296. Kwa mwaka, tofauti inakaribia thao 13. Tower ya bure inaeza kuwa ghali kuliko mini ya kununua.

Stima ikipotea kila wiki kwa mtaa wenu, fikiria laptop nzee iliyovunjika kioo. Betri yake ikishika hata nusu saa, hiyo tayari ni UPS, na mtu huiuza bei ya kutupa.

Diski ndio moyo. Toa doh hapa

Ile doh umeokoa kwa prosesa na RAM, ilete huku. Na usinunue diski moja, nunua mbili.

Albamu ya CD ikiwa FLAC inachukua kama MB 350. 1TB inabeba karibu albamu 2,800. Ukiwa na MP3 za 320 kila moja ikiwa kama MB 10, hiyo ni ngoma laki moja. Wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo, so usikimbilie 8TB.

SSD ndogo, hata ya 120GB, iwe ya mfumo. Ngoma zikae kwa diski ya kawaida ya kuzunguka, ambayo bado ndiyo inakupa nafasi nyingi kwa doh kidogo. Diski ya pili ni kopi, na isikae nyumba moja na ya kwanza. Ipeleke kwa sister, ama shags, uisasishe kila mkienda Krismasi. Kuunganisha diski mbili kwa mashine moja si bekapu. Mwizi akibeba mashine, amebeba zote.

Ukinunua ya mtumba, usilipe kabla uone ripoti yake kwa CrystalDiskInfo. Angalia saa ambazo imewaka: 40,000 ni miaka minne na nusu bila kuzima. Ikionyesha sekta zimeanza kuhamishwa, rudisha. Na ile "SSD" ya 4TB ya bei ya lunch ni uongo. Ndani kuna memori ndogo imefundishwa kudanganya kompyuta. Ijaze yote na H2testw kabla uiamini na CD za mathe.

Sauti

Seva haibadilishi sauti. Faili ni ile ile, iwe imekaa kwa diski ya thao tatu ama ya thao thelathini. Anayekuuzia kebo ya SATA "ya muziki" anakuchezea. Ukibaki na ka-change, nunua DAC ndogo ya USB na spika poa. Na kugeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kile kilitolewa. Ni kujaza diski tu.

Sasa ujaze na nini?

Anza na CD ziko kwa nyumba. Kisha nunua faili kwa wasanii wenyewe. Bandcamp inakupa FLAC, ukishashusha ni yako. KMRU wa Nairobi anauza kazi yake huko, na amekuwa akirudisha pia ngoma za guka yake, marehemu Joseph Kamaru, moja baada ya nyingine. Huyo ni mjukuu mmoja anaokoa miaka hamsini ya muziki kwa subira tu.

Wewe hujaambiwa uokoe nchi. Kabati ya mathe inatosha, na mini ya ex-UK na diski mbili zinamaliza hiyo kazi. AI ichukue RAM yote inataka. Hizo CD hazitangoja bei ishuke.